Zainabo Hakwenda Tanzania

Nianze na hili, ili asiyemjua wifi yangu asije akadanganywa na watu: Zainabo hajapata kuvuka mto Ruvuma maishani mwake. Chombo cha majini anakiogopa, mawimbi yakimfika magotini anaanza kusoma shahada. Ninayesema ni mimi Rachida, mke wa kaka yake, Hamido mkwezi wa minazi, na nyumba zetu hapa Quionga, upande wa Msumbiji, zimetenganishwa na ua wa makuti tu. Akikohoa nasikia. Kwa hiyo siku karatasi ya kampuni ya simu iliposema kwamba Zainabo alikuwa Tanzania, tena ndani ya eda ya mumewe, damu ilinichemka mpaka nikasahau mchuzi motoni ukaungua.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo. Nikikasirika huwa nasimulia mkia kabla ya kichwa, hata Hamido hulalamika.

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, Palma ilijaa wageni. Nyumba za kulala wageni zikajengwa kila kiwanja kilichokuwa wazi, na wageni wakija wanataka kula. Zainabo akaoga, akavaa vizuri, akaenda moja kwa moja mpaka jikoni kwenye nyumba mojawapo, kwa mpishi mkuu aitwaye Sebastião, mtu wa juu huko Mueda. Akamvunjia nazi mbili mbele yake, moja aliyoikuta pale jikoni na moja ya kwetu. "Onja," akamwambia. Sebastião akaonja. Toka siku ile nazi za jiko lile zikawa zinatoka kwetu. Hamido anaangua, mimi na Zainabo tunafua, gari linapeleka.

Sebastião hana muda wa kuandika. Akitaka nazi anasema kwenye Watsapu, sauti inatumwa, basi. Zainabo alikuwa na kitochi tu, kile kisimu kidogo cha vibonye. Hapo ndipo akatokea kijana mmoja wa kampuni ya simu na pikipiki, shati limepigwa pasi, mdomo umepigwa pasi zaidi. Kontratu, anasema. Simu kubwa unapewa, hulipi, kila mwezi unatoa kidogo, na dados, yaani intaneti, unatumia uwezavyo. Unaweka sahihi ya miaka miwili. Nilimwambia Zainabo, wifi, huyu mtu anagawa simu kama pipi, mwangalie vizuri. Mumewe, Abudo, alikuwa amekaa barazani anacheka. "Weka sahihi tu, mke wangu," akasema, "lakini ujue umeolewa mara ya pili." Akaweka sahihi.

Abudo alikuwa mtu wa utani. Hakukaa sana baada ya hapo. Homa ilimwanza siku ya soko, tukampeleka hospitali, akarudishwa amefunikwa shuka. Sitasema mengi juu ya hilo. Mpaka leo nikipika muhogo wa nazi najikuta nimetenga sahani yake, halafu nasimama nayo mkononi sijui niipeleke wapi.

Zainabo akaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, haendi sokoni wala arusini, hatoki ila kwa ugonjwa. Zainabo aliikaa eda yake sawasawa, chumba kile cha nyuma, na mimi ndiye niliyempelekea maji na chakula. Binti yao, Latifa, aliyekuwa darasa la pili, alichukuliwa na bibi yake, Bi Zuleica, mama wa marehemu, akaenda naye kwake Olumbi ili asishinde kwenye nyumba ya vilio. "Eda ikiisha nitamleta," Bi Zuleica alisema. Walikumbatiana mlangoni wote watatu, nami nikalia kuliko wenye msiba.

Sasa nazi je? Sebastião hakufiwa, yeye anataka nazi. Na hapa kwetu siku zile mtandao chini ulikuwa wa bahati, leo upo kesho haupo. Hamido akasema, mbona mimi kila asubuhi nakwea? Nipeni hiyo simu nipande nayo. Ule mnazi mrefu nyuma ya nyumba ya Zainabo, ukifika juu mtandao unajaa. Basi ikawa hivyo. Asubuhi Zainabo ananipa simu dirishani, naifunga kwenye kitambaa, namvisha Hamido shingoni kama mtoto anayekwenda chuoni. Akifika juu anangoja, simu inalia, anasikiliza sauti ya Sebastião, kisha anapiga kelele kijiji kizima kisikie: "Mia mbili! Alhamisi!" Zainabo anajibu kutoka ndani kwa kugonga sinia. Ndivyo mjane wetu alivyofanya biashara bila kuvuka kizingiti, na nilimwonea fahari.

Kuna siku moja katika siku hizo Hamido aliteremka mbio, akatawadha, akaenda kuswali adhuhuri, akakuta msikiti mtupu na muadhini bado yuko shambani anapalilia. Alifika mapema kwa saa nzima. Eti ameangalia saa kwenye simu kule juu! Mtu amezeeka anatazama jua, leo anauliza simu. Nilimcheka juma zima, na sikujua kwamba nacheka jambo litakalotutoa jasho.

Eda ikaisha. Zainabo akaoga, akatoka, akaanza kutengeneza chumba cha Latifa. Alimpakia kitanda rangi ya samawati. Alikuwa amepanga kwenda Olumbi Jumapili.

Ijumaa ikaja karatasi.

Barua za Palma huachwa kwenye duka la Suleimane, na Suleimane ndiye anayetusomea Kireno. Mtu mwema, ila akisoma anasoma kwa sauti kama hotuba. Duka lilikuwa limejaa watu waliotoka kuswali. Akafungua, akasoma kwamba kampuni imeweka bei mpya za dados, na kwamba anayetumia intaneti akiwa nje ya nchi atatozwa zaidi. Kisha akaanza kusoma tarehe. Tarehe fulani, Tanzânia. Tarehe fulani, Tanzânia. Tanzânia, Tanzânia, mpaka karatasi ikaisha. Na chini kabisa deni, deni ambalo ungeuza minazi yote na Hamido akiwa juu yake usingeweza kulilipa.

Lakini deni halikuwa jambo. Jambo ni kwamba palikuwa na mtu mle dukani, simtaji, anajijua, aliyeanza kuhesabu miezi kwa vidole. "Hee! Hizi si siku alizokuwa ndani ya eda?"

Basi yakaondoka hayo maneno. Yalipanda gari kabla yetu. Yalipofika Olumbi, Zainabo alikuwa ameonekana Mtwara amevaa gauni la kijani, ananunua vitenge, amecheka mpaka jino la mwisho limeonekana. Hilo gauni la kijani wamelitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Wifi yangu hana.

Jumapili, badala ya Zainabo kwenda, alikuja Ossufo, kaka wa marehemu. Hakukaa. Alisimama uani anatazama vidole vya miguu yake.

"Shemeji," akasema, "nimetumwa, mimi mjumbe tu. Mama anasema mtoto harudi. Anasema mwanawe hajakauka kaburini, na aliyemwacha akaenda kutembea nchi za watu hafai kumlea mjukuu wake."

Nilitaka kumrushia kitu. Kweli kabisa, nilikuwa na mwiko mkononi. Zainabo alinishika mkono.

"Latifa anakula?" akauliza.

"Anakula," Ossufo akasema. "Anakuulizia."

Ossufo alipoondoka, Zainabo akakaa chini juu ya rundo la makumbi ya nazi. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamwambia twende Olumbi, ukaape mbele ya msahafu, nami niape, mimi niliyekupikia siku zote. Akatikisa kichwa.

"Tukiapa watasema tumeapa uongo wawili," akasema. "Karatasi ndiyo iliyosema, wifi. Karatasi hiyo hiyo itasema tena."

Tukaenda Palma. Duka la kampuni lilikuwa na mlango wa kioo na baridi ya mashine, nikajuta sikuchukua kanga ya pili. Kijana wa kaunta aliitwa Celso, ameandikwa jina kifuani, mtoto wa bara, ana adabu zake. Alituita senhora, yaani bibi, mpaka nikachoka. Akaangalia kompyuta, akaangalia karatasi, akasema kila kitu kiko sawa.

"Sawa vipi?" Zainabo akamwuliza. "Mmeandika nilikuwa Tanzania."

"Mfumo unaonyesha hivyo, senhora. Simu ilikuwa kwenye mtandao wa Tanzania."

"Simu au mimi?"

Celso akatabasamu. "Simu haina miguu, mama."

Ebo! Hapo nikapanda juu. Nikamwambia wewe mtoto, unamwambia mjane maneno gani, unajua eda ni nini? Hajui. Nikamweleza eda kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani walielimika. Zainabo ananivuta kanga, mimi ndio kwanza nimeanza. Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka mkubwa wao, Dona Natália, mwanamke mnene kidogo, miwani imepandishwa kwenye nywele. Akatusikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Akasoma karatasi. Akafikiri.

"Nimefahamu kwamba umefiwa," akasema. "Pole sana, mama. Nitakusaidia. Deni nitalikata nusu, nusu iliyobaki utalipa kidogo kidogo, na kontratu tutaivunja bila faini."

Nusu! Nikamfinya Zainabo pajani chini ya meza, maana yake kubali, kubali, tuondoke. Naye aliitazama ile karatasi, halafu akamtazama Dona Natália.

"Ukinikatia nusu," akasema, "itakuwa nimekwenda Tanzania nusu?"

"Sikukufahamu, mama."

"Nikikubali msamaha wako nimekubali kwamba nilikwenda. Mimi mtoto wangu amezuiwa kwa neno hili moja. Sitaki kupunguziwa. Futeni hili neno, muandike kwamba sikwenda. Halafu kontratu yenu vunjeni, namba yangu niachieni, maana wateja wangu wanaijua."

Dona Natália akashusha miwani. Akasema bila ushahidi hawezi kufuta, kompyuta haisikilizi kiapo, na mwisho wa mwezi wasipolipwa watakata laini. Alisema kwa upole, lakini alisema. Tukatoka. Njiani sikumsemesha Zainabo hata neno, nilikuwa nimemkasirikia kwa ile nusu. Naye hakunisemesha, alikuwa anatazama dirishani. Tulipopita njia panda ya kwenda Olumbi niliona ameuma ncha ya mtandio wake, na hasira zangu zikaisha pale pale.

Kesho yake mambo yakaendelea, maana nazi hazijui msiba wala kesi. Hamido yuko juu na simu shingoni. Mimi niko chini nimebandika muhogo na nimenuna. Zainabo alikuwa ametoka kununua chumvi kwa Suleimane, ambaye redio yake haizimwi.

"Hamido!" nikapiga kelele. "Saa ngapi huko?"

"Saa tano kamili!"

Zainabo akasimama katikati ya ua, chumvi mkononi. Akatazama kivuli chake.

"Kaka, sema tena."

"Saa tano kamili! Simu imeandika!"

"Redio ya Suleimane imesema saa nne sasa hivi," akasema, polepole, kama anayejisemea mwenyewe. Kisha akanigeukia. "Wifi. Ile siku kaka alipokwenda msikitini akakuta hakuna mtu."

"Nini sasa?"

"Alizidisha saa moja. Leo kazidisha saa moja. Nchi gani iko mbele yetu kwa saa moja?"

Kila mtu wa Quionga anajua jibu hilo, maana tuna ndugu ng'ambo na tukiwapigia wanatusema tumechelewa kuamka. Mwiko ulinitoka mkononi. Hamido naye huko juu amesikia, kageuza shingo. Kutoka pale alipo anaona mdomo wa Ruvuma, na zaidi ya mdomo anaona ng'ambo.

Sasa, Hamido husoma namba tu. Herufi kwake ni mapambo. Zainabo akamwambia atazame juu ya kioo cha simu, palipo na jina la mtandao. Hamido akasema neno lililopo ni refu. Zainabo akasema hapa chini huwa fupi. "Teremka kidogo kidogo, uwe unalitazama!" Mume wangu akaanza kuteremka mnazi kwa mkono mmoja, jicho kwenye simu, nami roho mkononi. Alipofika kati akapiga ukelele. "Limebadilika! Limekuwa fupi!" Akapanda tena. "Limerudi!" Akashuka. "Limeondoka!" Alipanda na kushuka mpaka nikamwambia basi, utaniachia ujane na mimi.

"Na jumbe za Kireno huwa zinaingia ukifika juu?" Zainabo akauliza.

"Kila siku! Nazifuta. Si matangazo yale?"

Zainabo akacheka. Alicheka akiwa ameshika tumbo, chumvi yote imemwagika, na mara ya mwisho kumsikia akicheka vile Abudo alikuwa hai. Nikaanza kulia mimi. Kumbe siku zote hizo, yeye amejifungia ndani na nguo zake za msiba, kaka yake anampeleka Tanzania kila asubuhi, anamrudisha na nazi.

Hatukulichelewesha jambo hilo. Zainabo alirudi kwa Dona Natália, mara hii alikwenda peke yake, alinikataza nisifuatane naye kwa sababu ya mdomo wangu. Alirudi na habari kwamba fundi wao wa mitambo, Pedro, alikuwa na kazi ya kupima mtandao pande zetu, na Jumamosi atakuja kuona kwa macho yake. Zainabo akamtuma Ossufo Olumbi. "Mwambie mama aje. Asije kunisikiliza mimi. Aje aisikilize simu."

Jumamosi nilijaribu kusali na kusonga ugali kwa wakati mmoja, nikaharibu vyote. Nilikuwa naogopa simu itatukataa mbele za watu. Bi Zuleica alifika na gari la asubuhi, amemshika Latifa kwenye kifundo cha mkono. Hakumshika kiganja, alimshika kifundo, kama unavyomshika mtu usitake akutoke. Akakaa mkekani. Zainabo akamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia mdomoni tu. Chai akasema hanywi. Mtoto anamtazama mama yake, mama anamtazama mtoto, na baina yao pana mikono mitatu tu ya mkeka. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko kidogo nikapangusa uso.

Pedro alikuja na gari la kampuni. Kijana mrefu, suruali ya kazi mpya kabisa. Akaishika simu ya Zainabo, akaipima chini, akaonyesha watu: mtandao wa kwetu, dhaifu, lakini wa kwetu. Kisha akasema ni lazima apande mwenyewe. Hamido akamtazama suruali. Pedro akakwea ngazi mbili tatu zilizochongwa kwenye mnazi, akabaki amekumbatia mti, hapandi hashuki, na tukasikia suruali inaachia nyuma. Watu walimshusha kwa heshima zote.

"Basi," Pedro akasema, anajishika nyuma, "chukua na simu yangu. Ziende mbili, zishuhudiane."

Hamido akapanda, simu mbili shingoni. Ua ulikuwa umejaa, hata yule wa kuhesabu vidole alikuwepo, amejipenyeza mbele. Tukangoja. Makuti yanapiga kelele na upepo, juu kimya. Zainabo hakutazama juu hata kidogo. Alikuwa anatazama mkono wa Bi Zuleica ulioshika kifundo cha mwanawe.

Simu ya kwanza ikalia, na ya pili ikafuata.

"Zimelia!" Hamido akapiga kelele. "Sifuti!"

Akateremka haraka kuliko nazi. Pedro akazichukua, akasoma Kireno kwanza, halafu akageukia mkekani akatafsiri kwa Kiswahili chake cha bara, neno moja moja. "Ndugu mteja, karibu Tanzania. Ukitumia dados katika nchi hii utatozwa kwa bei mpya." Akafungua simu yake mwenyewe. "Ndugu mteja, karibu Tanzania." Akashika kichwa. "Loo! Na mimi nimetozwa!"

Watu wakacheka, lakini wakanyamaza upesi, kwa sababu Bi Zuleica alikuwa ameinua mkono.

"Hamido," akaita.

"Naam, mama."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unakwenda Tanzania."

"Ndiyo, mama. Kila asubuhi."

"Bila viatu."

"Bila viatu, mama."

Hapo ua ulipasuka. Walicheka mpaka wengine wakaenda kushikilia ua wa makuti. Bi Zuleica mwenyewe alicheka, mabega yanatikisika, kisha nikaona si kicheko tena. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio na analia, akimtaja Abudo. Na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa usoni, Latifa alikuwa huru. Alivuka mkeka mbio akajitupa kifuani kwa mama yake.

Bi Zuleica akajipangusa.

"Nguo zake sikuja nazo," akasema. "Nisikufiche, mwanangu. Nilikuja nikijua nitarudi naye hata simu ikisema nini. Nyumba yangu tangu Abudo afe haina sauti."

"Najua, mama," Zainabo akasema. "Nimeona ulivyomshika."

"Nisamehe."

"Abudo alikuwa wako kabla hajawa wangu. Hizo nguo ziache huko huko Olumbi. Likizo akija kwako azikute. Hapa nitamshonea nyingine."

Bi Zuleica akaitikia kwa kichwa. Akatazama huku na huku, akaniona mimi nimesimama na birika nililokuwa nimelishika tangu asubuhi.

"Rachida, mwanangu," akasema, "hiyo chai bado ipo?"

Ilikuwa imepoa. Alikunywa vikombe viwili.

Lililobaki ni la kumalizia. Pedro aliandika aliyoyaona, Dona Natália akafuta deni lote na lile neno, akatoa barua yenye muhuri kwamba mteja hakutoka nchini. Suleimane akaisoma dukani Ijumaa baada ya swala, kwa sauti ile ile ya hotuba, mara mbili, mara ya pili tulimwomba. Yule wa vidole alinunua kiberiti akaondoka.

Tukarudi Palma kuvunja kontratu, Zainabo, mimi na Latifa, ambaye siku zile alikuwa haachi nguo ya mama yake. Celso akajaribu. Ana kazi yake, simlaumu. Akasema kuna kifurushi kipya, kuna zawadi ya mwavuli. Zainabo akaiweka simu kubwa mezani, imefutwa vumbi, akasema, "Mwanangu, mwavuli ninao." Akapewa namba yake ile ile ndani ya kitochi, ya kuweka salio mwenyewe. Sebastião sasa anatuma ujumbe mfupi wa namba na siku, na namba Hamido anazijua. Bado anazisomea juu ya mnazi, kwa kelele zile zile, na Latifa akiwa chini humwuliza kama leo mjomba yuko Msumbiji au yuko safarini.

Celso alikuwa anajaza kwenye kompyuta. Jina, namba, tarehe. Akafika mahali akasimama.

"Hapa mfumo unataka sababu," akasema. "Sababu ya kuvunja kontratu, senhora. Niandike nini? Bei?"

Zainabo akafikiri. Latifa alikuwa amemwegemea, anatafuna andazi, makombo yanaanguka kwenye sakafu yao ya kung'aa.

"Andika nilikuwa nyumbani," akasema.

Celso akamtazama. Kisha akaandika. Nikamwambia atusomee, akasoma, tukashukuru, tukatoka kutafuta gari la Quionga.